Faili ya Data Ikikataa Kufunguka

Data za kisayansi zinazoihusu Afrika Mashariki zinapatikana bure siku hizi kwa wingi ambao watafiti wa zamani hawakuuota. Mvua ya kila siku tangu 1981, joto la kila saa tangu 1940, majibu ya maelfu ya kina mama waliohojiwa kuhusu uzazi na malezi: vyote vipo, na mwanafunzi wa Morogoro au Eldoret anaweza kuvipakua. Shida huanza baada ya kupakua. Jina la faili linaishia na .nc, .grib, .sav, .dta au .hdf. Ukilibofya, kompyuta inakuuliza uifungue kwa programu gani. Ukiilazimisha kuingia Excel, unaletewa ukurasa mzima wa alama zisizosomeka.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwama hapo. Nakuomba uvumilivu kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya maelezo yangu itahusu yanayotokea baada ya faili kukubali kufunguka. Faili iliyogoma inakuchelewesha siku mbili tatu, basi. Faili iliyofunguka vibaya inakupa tarakimu zenye sura nzuri, unazichorea grafu, unaziandika kwenye tasnifu au ripoti ya wilaya, na mkulima au mganga mkuu anakuja kuziamini.

Ijue kwanza

Kiendelezi, yaani zile herufi baada ya nukta, ni jina tu, na jina hubadilishwa na yeyote. Faili iliyopita kwenye simu tatu na flashi mbili huweza kufika haina kiendelezi chochote, au ina kisicho chake. Zinazosema kweli ni baiti za mwanzo, kwa sababu karibu kila muundo wa data huanza na alama yake yenyewe.

Kwenye Linux au Mac, andika neno `file` likifuatiwa na jina la faili, nayo kompyuta itakuambia inachokiona. Kwenye Windows, fungua PowerShell uandike:

`Format-Hex data.bin | Select-Object -First 2`

Upande wa kulia utaona herufi za mwanzo. Waweza pia kutumia Notepad++ kama faili si kubwa mno, ila iangalie uifunge bila kuihifadhi. Ukiihifadhi kama maandishi, kihariri kinaweza kubadili baiti zisizoonekana, na hapo faili imeharibika.

Ukiona CDF mwanzoni, hiyo ni NetCDF ya mtindo wa kwanza. Ukiona HDF ikitanguliwa na alama moja isiyosomeka, hiyo ni HDF5. Na kwa kuwa NetCDF toleo la 4, lililotoka 2008, limejengwa juu ya HDF5, faili nyingi za .nc za leo nazo huanza hivyo hivyo. Faili ya GRIB inajitaja yenyewe: huanza na neno GRIB. `$FL2` ni SPSS. `<stata_dta>` ni Stata kuanzia toleo la 13. `SIMPLE  =` ni FITS, muundo wa wanaastronomia. `Standard Jet DB` ni Access ya zamani, na `SQLite format 3` inajieleza. Herufi PK maana yake faili imebanwa kwa zip, kwa hiyo ifungue kwanza ndipo uangalie kilichomo. Picha za vipimo vya hospitali za DICOM zina herufi DICM, lakini baada ya baiti 128 za mwanzo, kwa hiyo usitarajie kuziona mstari wa kwanza.

Kuna alama moja inayostahili kutajwa peke yake: `<!DOCTYPE html`. Ukiikuta ndani ya faili iitwayo .hdf au .nc, huna data yoyote mkononi. Umepakua ukurasa wa kuingia kwenye tovuti. Hili hutokea sana kwenye seva zinazodai akaunti, kama zile za data za setilaiti za NASA: muda wa akaunti yako umekwisha katikati ya kazi, seva ikakupa ukurasa wa nywila, na programu ya kupakua ikauhifadhi kwa jina la data. Dalili yake ni ukubwa. Faili thelathini zina megabaiti 60 kila moja, halafu kumi za mwisho zina kilobaiti 10. Ingia upya kwenye akaunti, kisha upakue hizo kumi tu.

Pima ukubwa hata kama alama ni sahihi. Bando likikatika njiani, mwanzo wa faili unakuwa mzima na mwisho haupo. Kwa GRIB ni rahisi kugundua, maana kila ujumbe ndani yake hufungwa kwa tarakimu 7777. Mwisho wa faili usipokuwa na tarakimu hizo, haijakamilika. Amri `wget -c` huendelea palipokatikia badala ya kuanza upya, na kwa mtu anayenunua bando lake mwenyewe hiyo ni tofauti kubwa.

NetCDF, kwa utulivu

Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa huu ndio muundo ambao wanafunzi wa kilimo, maji, jiografia na afya ya jamii hukutana nao mara nyingi zaidi, na makosa yake yanafanana na ya miundo mingine mingi. Tuchukue CHIRPS toleo la 2, data ya mvua inayotayarishwa na Climate Hazards Center ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Inachanganya vipimo vya setilaiti na vya vituo vya ardhini, na inaanzia nyuzi 50 kusini hadi nyuzi 50 kaskazini, kila kisanduku kikiwa na upana wa nyuzi 0.05, yaani kama kilomita tano na nusu kwetu karibu na ikweta.

Usianze kwa kuibadili. Anza kwa kusoma maelezo yake. Amri ya `ncdump -h` huonyesha maelezo hayo bila kugusa tarakimu. Kama hupendi dirisha la amri, programu ya Panoply ya NASA, ambayo ni ya bure na inahitaji Java tu, hukuonyesha yale yale upande wa kulia ukibofya jina la kigezo. Utaona mistari kama hii:

```
float precip(time, latitude, longitude) ;
    precip:units = "mm/day" ;
    precip:_FillValue = -9999.f ;
float time(time) ;
    time:units = "days since 1980-1-1 0:0:0" ;
```

Kila mstari hapo ni onyo. Mstari wa kwanza unasema mvua imepangwa kwa wakati, halafu latitudo, halafu longitudo. Ni rundo la ramani, ramani moja kwa kila siku. Wa pili unasema kipimo ni milimita kwa siku. Faili ya mwezi itakuwa na milimita kwa mwezi, na jina la kigezo litabaki lile lile `precip`, kwa hiyo aliyezichanganya hatashtuliwa na jina.

Wa tatu unasema -9999 ina maana ya kutokuwepo kwa data. CHIRPS ni ya nchi kavu tu, na bahari yote imejazwa -9999. Watu wa pwani wawe macho hapa. Ukitaka mvua ya Mombasa, Tanga au Unguja, kisanduku kilicho karibu zaidi na alama yako kinaweza kuangukia baharini ukapata -9999 mwaka mzima. Sogea kisanduku kimoja au viwili kuelekea bara. Na ukichukua wastani wa mkoa wa pwani kwa programu isiyojua maana ya -9999, utapata mvua hasi, jambo ambalo angalau linaonekana. Hatari zaidi ni pale visanduku vya bahari vinapokuwa vichache: wastani unapungua kidogo tu, na grafu inabaki na sura ya kuaminika.

Mstari wa mwisho unahusu tarehe. Ndani ya faili hakuna tarehe, kuna hesabu ya siku tangu 1 Januari 1980. Siku ya 15000 ni 25 Januari 2021. Ukiimwaga namba hiyo Excel na kuiamuru iwe tarehe, utapata 24 Januari 1941, kwa sababu Excel inahesabu kutoka 1900. Kwa data za makadirio ya tabianchi ya miaka ijayo, angalia pia neno `calendar`. Baadhi ya modeli, zikiwemo za familia ya HadGEM za Uingereza, hutumia mwaka wa siku 360 wenye miezi ya siku 30 kila mmoja, hivyo tarehe 30 Februari ipo na ni halali. Nyingine huifuta tarehe 29 Februari kabisa. Usijaribu kuzihesabu kwa mkono. Pakiti ya xarray ya Python inazitambua kalenda hizi, nayo CDO, zana ya amri ya taasisi ya Max Planck ya hali ya hewa iliyoko Hamburg, inazitambua pia.

Jambo lingine linalojificha kwenye maelezo ni kizidisho. Ili kuokoa nafasi, tarakimu nyingi huhifadhiwa kama namba kamili na faili inaeleza jinsi ya kuzirudisha. Data ya ukijani wa mimea ya kihisi cha setilaiti cha MODIS, iitwayo MOD13Q1, ni mfano mzuri: ukikuta 6500, izidishe kwa 0.0001 upate 0.65. Ukikuta -3000, hakuna data. Programu nyingine hufanya hesabu hii zenyewe, nyingine hukuachia kazi. Namna pekee ya kujua ni kutazama tarakimu zilizotoka. Ukijani hauvuki 1; ukiona maelfu, kizidisho hakijatumika. Ukiona 0.000065, kimetumika mara mbili.

Dar es Salaam inapohamia Ethiopia

Kosa la kugeuza latitudo ndilo ninaloliogopa kuliko yote kwa watu wa ukanda wetu, kwa kuwa ikweta inapita kwetu. Faili za NetCDF za CHIRPS huanzia kusini, kwenye -49.975, na kupanda kaskazini. ERA5, data ya hali ya hewa ya kituo cha Ulaya cha ECMWF, huanzia ncha ya kaskazini na kushuka. Mtu akiandika programu inayochagua kwa namba ya safu, mfano safu ya 863, kisha akaitumia kwenye faili iliyopangwa kinyume, mahali pake panahamia upande wa pili wa ikweta.

Mtu wa Norway akikosea hivyo, anatua katika bahari ya kusini na anashtuka papo hapo. Sisi hatushtuki. Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam uko kama nyuzi 6.88 kusini na 39.20 mashariki. Geuza alama ya latitudo uone ulipofika: karibu na mji wa Dodola, Ethiopia, chini ya milima ya Bale, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mombasa nayo inahamia nyanda kavu za kaskazini ya Moyale. Zote ni sehemu halisi za Afrika ya Mashariki, zina mvua, zina joto, na tarakimu zake haziingii akilini kuwa ni za uongo mpaka uangalie misimu. Dar ina masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na kati ya Juni na Septemba kunakauka. Ikiwa grafu yako inaonyesha mvua kubwa ya Julai na Agosti, hauko Dar.

Dawa yake ni kuchagua mahali kwa latitudo na longitudo zenyewe, kamwe usichague kwa namba ya safu. Kwa CDO ni hivi:

`cdo -outputtab,date,lon,lat,value -remapnn,lon=39.20_lat=-6.88 chirps.nc > dar.txt`

Matokeo ni maandishi ya kawaida: tarehe, mahali, thamani, mstari mmoja kwa siku. Hayo Excel inayapokea bila ubishi. Kwenye Windows, CDO inahitaji mazingira ya Linux yaliyowekwa ndani, WSL. Asiyetaka usumbufu huo atumie QGIS, inayosoma NetCDF, GRIB na GeoTIFF, au aitoe data kama CSV kwa Panoply.

Kata kabla ya kubadili

Wengi hutaka kuigeuza faili nzima kuwa CSV. Haitakufaa, na si kwa sababu ya udhaifu wa kompyuta yako. Ramani moja ya CHIRPS ina visanduku 7,200 kwa 2,000, jumla milioni 14.4. Karatasi ya Excel ina mistari 1,048,576. Siku moja tu ingejaza karatasi 14.

Kata eneo lako kwanza. Tanzania yote inaenea ndani ya mstatili wa nyuzi 29 hadi 41 mashariki, na kutoka ikweta hadi nyuzi 12 kusini:

`cdo sellonlatbox,29,41,-12,0 chirps.nc tz.nc`

Mstatili huo una visanduku 240 kwa 240, yaani 57,600, moja ya mia mbili na hamsini ya ramani nzima. Baada ya hapo kata miaka unayoihitaji, kisha ukokotoe jumla za mwezi au wastani wa wilaya, ndipo utoe CSV. Seva zinazokubali kukukatia kabla ya kupakua, kama hifadhi ya Copernicus yenye ERA5, zitumie hivyo, na angalia mpangilio wanaoudai: kaskazini, magharibi, kusini, mashariki.

GRIB na saa zake

GRIB ni muundo wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, nao mashine za utabiri huongea kwa huo. Kuugeuza ni mstari mmoja, `cdo -f nc copy data.grib data.nc`, na baada ya hapo yote niliyosema juu ya NetCDF yanahusika. Kwenye ERA5 joto liko katika Kelvin, hivyo 300.15 ni nyuzi 27 za Selsiasi. Mvua iko katika mita, kwa hiyo 0.012 ni milimita 12.

Lakini saa ndizo zinazowasumbua wengi. Muda wote wa ERA5 ni wa UTC, saa tatu nyuma yetu. Siku ya faili inaanza wakati kwetu ni saa tisa usiku. Vituo vya mvua vya Afrika Mashariki kwa desturi husomwa saa tatu asubuhi, ambayo ni 06:00 UTC, na kilichopimwa ni mvua ya saa 24 zilizopita. Ukilinganisha siku ya kituo na siku ya ERA5 bila kuzisawazisha, mvua ya alfajiri itaangukia siku tofauti katika orodha mbili, nawe utalaumu setilaiti na modeli bure. Kumbuka pia kuwa mvua iliyoandikwa 01:00 ni ile iliyonyesha kati ya 00:00 na 01:00. Jumla ya siku kwa UTC inaanzia 01:00 na kumalizikia 00:00 ya siku inayofuata.

Data za watu: SPSS, Stata, CSPro

Hapa ugumu ni mwingine. Faili ya .sav au .dta inafunguka kirahisi. PSPP ni ya bure na inasoma .sav, pakiti ya haven katika R inasoma .sav, .dta na hata .sas7bdat. Kinachopotea ni maana za misimbo.

Ndani ya faili hizi, jibu la mama aliyehojiwa limeandikwa 1, 2 au 8, na faili yenyewe imebeba kamusi: 1 ni ndiyo, 2 ni hapana, 8 hajui. CSV haina pa kuiweka kamusi hiyo. Ukigeuza bila kujali, unabaki na safu za namba na baada ya miezi sita hakuna anayekumbuka 8 ilikuwa nini. Toa faili mbili: moja ya data, moja ya kamusi yenye jina la kila kigezo, swali lake na maana ya kila msimbo. Kwa R, `generate_dictionary()` ya pakiti ya labelled inakuandalia hiyo ya pili. Kwa PSPP, amri ya `pspp-convert --labels data.sav data.csv` huandika maneno badala ya misimbo.

Angalia pia majibu yaliyokosekana. Mtu aliyekataa kujibu, asiyejua, na ambaye swali halikumhusu ni watu watatu tofauti. SPSS inawatofautisha, lakini `read_sav` ya haven ikiachwa ilivyo inawafanya wote kuwa NA moja. Andika `user_na = TRUE` ili wabaki kila mmoja na wake. Kwa mtafiti wa ukatili wa majumbani, idadi ya waliokataa kujibu ni habari nzito yenyewe.

Tafiti za DHS, yaani za idadi ya watu na afya, zilizofanyika Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, zina desturi zake. Majina ya faili hubeba nchi na aina: TZ au KE, halafu IR kwa wanawake, KR kwa watoto, HR kwa kaya. Nukta za desimali hazikuandikwa. Uzito wa takwimu, `v005`, lazima ugawanywe kwa 1,000,000 kabla ya kutumika. Kipimo cha unene wa mwili, `v445`, kinagawanywa kwa 100, na 9998 humo ni alama ya kipimo kisichoaminika. Asiyeiondoa 9998 atawapata wanawake wachache wenye kipimo cha 99.98, na wastani wa mkoa wote utapanda.

CSPro, programu ya Ofisi ya Sensa ya Marekani inayotumika sana katika sensa na tafiti za Afrika, inaacha faili za .dat zenye mistari mirefu ya tarakimu zilizoshikana, kama `0102014103421`. Bila faili ya .dcf inayoeleza kuwa tarakimu mbili za kwanza ni mkoa na mbili zinazofuata ni wilaya, mstari huo haufasiriki. Ukipewa .dat, usiondoke bila .dcf. Ukiwa nazo zote mbili, CSPro yenyewe ina zana ya kutoa data kwenda Stata, SPSS au R. Matoleo kuanzia la 7 huweka data katika .csdb, ambayo kiini chake ni SQLite. Zile .REC za Epi Info ya enzi za DOS, ambazo bado zimelala kwenye kompyuta za zamani za miradi ya afya, zinasomwa na `read.epiinfo` ya pakiti ya foreign.

Ukishapata CSV, usiibofye mara mbili ili ifunguke Excel. Msimbo 001 wa Kaunti ya Mombasa utakuwa 1, na 0101 itakuwa 101. Pitia sehemu ya kuingiza data, uiambie safu hiyo ni maandishi. Na kiambie kidirisha hicho kuwa herufi ni UTF-8. Kiswahili hakina herufi nyingi za kusumbua, lakini tunayo ile alama ya ng'. Murang'a ya Kenya na Nyang'hwale ya Geita huandikwa na wengine kwa alama iliyonyooka, na wengine kwa alama iliyopinda ambayo simu na Word huiweka zenyewe. Ya kupinda ikisomwa kwa usimbaji usio wake inageuka `Murangâ€™a`. Hata ikisomwa vizuri, kwa kompyuta Murang'a na Murang’a ni kaunti mbili, na ukiunganisha jedwali la mvua na la idadi ya watu, Murang'a yote itadondoka kimyakimya. Unganisha kwa msimbo wa kaunti au wilaya, usiunganishe kwa jina.

Ramani za .shp na mengine

Shapefile ni familia: .shp, .shx, .dbf, na .prj inayosema ramani imepimwa kwa mfumo gani. Ukitumiwa .shp peke yake, omba nyingine. Ile .dbf inafunguka kwa LibreOffice, lakini usiihariri humo, kwa maana mpangilio wake lazima ulingane na maumbo. Majina ya safu ndani yake hayavuki herufi kumi, hivyo `idadi_ya_wanawake` na `idadi_ya_wanaume` zote zinakatwa kuwa `idadi_ya_w`. Ukiwa na hiari, hifadhi kwa GeoPackage.

Picha za hadubini za .czi, .lif na .nd2 zipeleke kwa programu ya Fiji yenye Bio-Formats. Uzihifadhi kama OME-TIFF, kwani JPEG inapoteza kipimo cha ukubwa na hata mng'ao wenyewe. FITS inafunguka kwa SAOImage DS9.

Hakikisha, kisha andika

Iache faili ya asili kama ilivyo, katika folda isiyoguswa. Kila kilichobadilishwa kikae kwingine. Halafu linganisha: idadi ya mistari au visanduku, kiwango cha chini kabisa, cha juu kabisa, wastani, na idadi ya zisizo na data, kabla na baada. Kisha chagua mahali na mwaka unaoufahamu vizuri. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 1997 zilifurika Kenya na Tanzania; kama zinakosekana kwenye data yako ya mvua ya mwaka huo, rudi nyuma. Weka kando ya data faili fupi ya maandishi inayotaja ilikopakuliwa, tarehe, toleo, amri ulizotumia, vipimo, na msimbo wa zisizo na data.

Na kama umefanya yote haya faili bado imefungwa, huenda imetoka kwenye mashine ya maabara yenye muundo wa kampuni yake. Hapo mwandikie aliyekupa. Mtu mwenye shughuli nyingi hujibu haraka barua inayomrahisishia kazi, kwa mfano hivi:

"Shikamoo Dokta. Nimepokea faili ya vipimo vya Machi, nakushukuru. Ina megabaiti 48, na herufi zake nane za mwanzo nimeziambatisha kwenye picha. Nimejaribu Fiji na R bila mafanikio. Naomba unijulishe jina na modeli ya mashine, na toleo la programu iliyohifadhi faili. Kama programu hiyo ina sehemu ya kutoa data kwa maandishi au TIFF, naomba sampuli moja tu nijaribu kwanza, pamoja na vipimo vyake."